Jogoo wa Kuacha Sigara

Ukimuuliza baba alijaribu mara ngapi kuacha sigara, atakujibu bila haya, "Mara moja tu, nikaacha." Mama akisikia hivyo hucheka mpaka anashika kiuno. Yeye ana hesabu yake, na hesabu hiyo ni ya kuku.

Kwetu, juu ya Lushoto kwenye njia ya Irente, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kuku hakuchinjwa hivi hivi. Kuku alikuwa wa mgeni, wa Krismasi, au wa mtu aliyeugua akapona. Basi baba alipotangaza kwa mara ya kwanza kwamba ameacha sigara, mama alichinja jogoo mwekundu. Baba akaomba sala ndefu, akaitupa pakiti yake mtoni mbele yetu sote, tukala tukalamba vidole. Wiki haikuisha, akaonekana nyuma ya zizi anavuta msokoto wa gazeti. Mara ya pili mama alichinja tetea aliyekoma kutaga. Mara ya tatu tukapewa mayai. Baada ya hapo akasema, "Baba watoto, ukiacha tena uniambie mapema nichemshe maharage, maana kuku wangu wanakwisha na moshi uko palepale."

Msidhani baba alikuwa mtu wa ovyo. Kwenye shamba la kijiji alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na akisema kesho nitakuja, anakuja. Sigara tu ndiyo ilimshika pabaya. Na kilichomtia hofu kilikuwa tarumbeta lake, lile kubwa la shaba la kanisani kwetu tunaloliita besi. Sisi Walutheri wa milimani, alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, wapiga tarumbeta hupanda makaburini wakawapigia marehemu wimbo wa ufufuo. Bibi, mama yake baba, amelala kule juu kabisa, na baba hakuwahi kukosa kumpigia.

Pasaka moja kile kilima kikamshinda. Ubeti wa kwanza aliupiga. Wa pili ukamkatikia katikati, akakohoa mpaka akainama juu ya kaburi la mama yake, na wenzake wakamalizia bila besi. Nilimkuta baadaye jikoni analia, akasingizia moshi wa kuni. Mwalimu wa tarumbeta, rafiki yake tangu utoto, alimweleza bila kuficha: "Kaka, nakupa mpaka Pasaka ijayo. Ikikukatikia tena, besi nampa mwingine."

Siku ileile baba akaacha. Tukala maharage.

Safari hii mama alipekua kila mahali, kwenye makoti, darini, chini ya godoro. Hakuna kitu. Tukaanza kuamini. Kumbe! Nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kuligusa tarumbeta, na aliyeijua sheria hiyo kuliko wote ni aliyeitunga. Siku ya Pentekoste kanisa limefurika, besi ikatoa mlio wa mbuzi aliyebanwa na mlango. Mwalimu akamkazia jicho. Baba akasahau, akafanya wanavyofanya wapigaji wote tarumbeta likikwama: akaligeuza kichwa chini amwage mate. Sigara zikadondoka moja moja mbele ya mchungaji. Mchungaji akaziangalia, akamwangalia baba, akasema, "Tuendelee na ubeti wa tatu." Nani aendelee? Kwaya yote mbavu hawana, mama katoka nje na kitambaa mdomoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Aliyemsaidia hatimaye ni jirani yetu wa bondeni, Mwislamu, mkulima wa karoti, mvutaji hodari kama yeye. Ramadhani ilipoingia baba akashuka kumuuliza, "Jirani, wewe unawezaje kukaa kutwa nzima?"

"Kutwa si kazi," jirani akamjibu. "Kazi ni magharibi. Adhana ikiita tu, mkono unakwenda mfukoni wenyewe."

Baba akajaribu. Akalima kutwa bila sigara, akashuka kufuturu kwa jirani, uji na viazi vitamu, kisha wakavuta wote wawili huku wakichekana. Lakini alirudi amejua jambo. Adui yake hakuwa siku nzima. Alikuwa ile saa moja ya jioni, kazi imekwisha, mikono haina la kufanya.

Hakutangaza. Hakuapa. Jioni iliyofuata alichukua besi, akaketi barazani, akapuliza.

Weee! Wala haukuwa wimbo. Ilikuwa sauti moja nzito, ndefu, mpaka pumzi imwishie, kisha anaanza upya, ukungu umetanda na mbwa wa kijiji kizima wanamwitikia. Kila jioni. Balozi wa nyumba kumi akaja mbio kuuliza nani amefariki. Jirani naye akapanda kilima akihema, akamnyooshea baba sigara. "Jirani, nakuomba, vuta hii moja tu, tufuturu kwa amani!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba aliitazama ile sigara, akanyoosha mkono nusu, akaurudisha. Halafu akacheka, akaegemeza besi begani, akampulizia palepale. Jirani akakimbia ameziba masikio, anacheka njia nzima.

Siku zilezile mama alitenga kifaranga kimoja cha madoadoa, akasema, "Huyu asiguswe." Tukajua ni wa Krismasi. Ng'o! Krismasi alichinjwa mwingine. Wakaja wageni kutoka Mtae, mbali milimani, wamechoka na njia mbaya, na bado wa madoadoa akapona. Akawa jogoo mnene, mkorofi, anatufukuza uani kama mwenye nyumba.

Pasaka ikafika. Tulipanda gizani, baridi inauma, na mimi roho ilikuwa juu kweli. Baba alifika makaburini akihema, akajifuta uso, akasimama pale kwa bibi. Ubeti wa kwanza ukaenda. Ubeti wa pili, palepale palipomkatikia, mama alinibana mkono mpaka ukauma. Besi ikapita. Nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja. Wenzake walipomaliza, yeye aliendelea na ile sauti ya mwisho, peke yake, mpaka mwalimu akamgusa bega. "Kaka, inatosha. Bibi amesikia."

Kutoka chini njiani, jirani aliyekuwa anarudi kutoka kuswali alfajiri akapaza sauti, "Jirani! Leo imelia!"

Tulipokuwa tunateremka, baba alimsogelea mama, anaona haya kama bwana harusi. "Mama watoto," akaanza, "kuna jambo sijakuambia. Zile sigara, mimi tangu Ramadhani..."

Mama hakumwacha amalize. Alinigeukia mimi, akasema, "Tangulia nyumbani ukamkamate yule jogoo wa madoadoa."

Baba akasimama katikati ya njia na besi yake begani.