Ushahidi wa Dativa kuhusu Visanduku

Umewahi kumwuzia mtoto kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kumwambia ni nini?

Usijibu haraka. Dativa naye angejibu hapana, tena kwa dharau kidogo, maana kama kuna mtu huku ughaibuni, Saint Paul nzima, anayejua anachompa mwenzake, ni yeye. Ana miaka kumi na minne anagawa dawa katika nyumba ya wazee. Kila chupa anaisoma lebo mara tatu: anapoitoa kabatini, anapomimina vidonge kwenye kikombe, na anapoirudisha. Godlisten, kijana wa usharika wao, alimwona kwa macho yake siku vijana wa kwaya walipokwenda kuwaimbia wale wazee. Toroli la chakula lilikuwa limemziba njia, bibi mmoja wa Kizungu anamwita kwa jina la binti yake aliyekufa, simu ya ukutani inalia. Dativa akaitika lile jina kwa upole, kisha akasoma lebo mara ya tatu, midomo ikicheza, kama vile dunia nzima ingeweza kusubiri.

Ndiyo maana Godlisten alimchagua awe shahidi. Kijana huyu, aliyemaliza chuo mwaka juzi na sasa anafanya kazi ya ofisi Eden Prairie, alikuwa amejiunga na kikundi cha wazazi waliokuwa wakipigania muswada mmoja katika bunge la jimbo. Ipo michezo ya simu inayouza visanduku vilivyofungwa. Mtoto analipa kwanza, kisanduku kinafunguka kwa mwanga na muziki, halafu ndipo anajua amepata nini: labda farasi wa dhahabu, na mara nyingi kofia ambayo tayari anazo nne. Anarudia. Muswada ulitaka mchezo wowote wenye visanduku hivyo upewe alama ya umri wa miaka kumi na minane, na alama hiyo ionekane kabla mtu hajaupakua.

Na Wema, mjukuu wa Dativa mwenye miaka kumi, alikuwa amecheza mchezo wa namna hiyo majira yote ya joto, kwa kadi ya benki aliyoiingiza bibi yake mwenyewe. Dativa alikuwa ameisoma alama ya mchezo kabla ya kuruhusu. Aliisoma mara tatu. Ilisema unafaa kwa kila mtu.

Jumamosi moja ya Februari, siku tatu kabla ya kamati kusikiliza mashahidi, Godlisten alikwenda nyumbani kwake Eagan na karatasi mbili alizomwandikia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Vua viatu, theluji yako ibaki mlangoni. Wema, mletee kaka yako chai.”

Dativa akavaa miwani, akaanza kusoma. Akafika mstari wa tatu akaweka kidole.

“‘Mashirika haya yenye roho za fisi.’ Umewahi kumwona fisi wewe, uliyekulia Apple Valley?”

“Mama, hiyo ni lugha ya kuamsha watu.”

“Wabunge wako macho, mwanangu. Wanalipwa.” Akapiga mstari juu ya fisi. Akapiga mwingine, na mwingine, mpaka karatasi ikabaki na jina lake na salamu. “Ninyi Wachagga mnajua kuuza. Kusema niachie mimi.”

“Na ninyi Wahaya mnajua kujisifu,” Godlisten akamrudishia, na wote wakacheka, maana utani huo kati ya watu wa Kilimanjaro na watu wa Bukoba ulivuka bahari nao, haukuhitaji viza.

Lakini Dativa aliacha kucheka kabla yake. Alimsubiri Wema arudi chumbani, akasema, “Kuna jambo moja nitalisema kule, na wewe hutalipenda.”

Jambo lenyewe Godlisten alilijua, kama kila mtu wa usharika wao alivyolijua, ila hakuna aliyewahi kulitazama. Kila Oktoba kanisa linafanya sikukuu ya mavuno. Kuku hawaruhusiwi kuletwa, basi watu wanaleta maboga, mchicha wa bustani za kukodi na trei za mayai, na baada ya ibada unaanza mnada. Yai moja linauzwa, aliyelinunua analirudisha kwa Bwana, linauzwa tena, mpaka yai lile linakuwa limelipia paa la kanisa. Watu wazima wanapenda sana. Watoto wanachoka. Ndipo Dativa, kwa nia safi kabisa, akabuni vifurushi. Alikata vipande vya kitenge, akafunga ndani yake penseli, pipi na vifutio, na katika kifurushi kimoja tu akaweka vipokea sauti vya masikioni vya kisasa. Watoto wakapanga foleni hadi nje ya ukumbi. Mchungaji akamshukuru madhabahuni.

“Yule binti wa kina Gitonga, Nkirote,” Dativa alisema. “Alinunua sita. Pesa zake za siku ya kuzaliwa zikaisha. Akasimama mbele ya meza yangu ana penseli sita mkononi. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, kamwombe mama yako, huenda kinachofuata ndicho. Nilisema hivyo nikicheka, Godlisten.”

“Mama, lile lilikuwa kanisa. Ilikuwa sadaka.”

“Penseli ni penseli.”

“Ukilisema hilo, wakili wa kampuni atakumaliza. Atasema, tazameni, hata wao wanafanya. Kura za kamati zinakaribiana sana, na shahidi mwenye mtoto aliyeumizwa ni wewe peke yako. Muswada utafia pale pale.”

“Basi utakufa nikiwa nimesema kweli.”

“Halafu wewe ni Mhaya,” Godlisten akajaribu njia ya mwisho. “Mhaya hakiri kosa hadharani. Ni mwiko.”

“Ndiyo maana nataka kukiri kwa Kiingereza,” Dativa akasema. “Kunywa chai, inapoa.”

Siku tatu zile Godlisten hakula vizuri. Aliandika hotuba nyingine, akamtumia, hakujibiwa. Jumanne saa nane mchana walikuwa wameketi katika chumba cha kamati Saint Paul, Dativa amevaa koti lake jeusi la kanisani juu ya sare ya kazi, kwa sababu shifti ilikuwa inamngoja saa kumi. Msemaji wa kampuni za michezo alitangulia. Kijana mtanashati, sauti laini. Alisema kisanduku kile ni furaha ndogo ya kushtukizwa, kama zawadi. Alisema kampuni zinajipima zenyewe na kujipa alama za umri kwa uangalifu mkubwa, na kwamba lililobaki ni jukumu la familia.

Kisha Dativa akaitwa.

Hakuwa na karatasi. Alieleza kazi yake na namna anavyosoma lebo. Alieleza alivyoisoma alama ya mchezo wa Wema, na kwamba siku moja alimkuta mtoto amejifungia bafuni, anabonyeza na kubonyeza, uso hauna furaha wala huzuni, na alipomwita hakusikia. Godlisten aliomba moyoni aishie hapo.

“Nina la pili,” Dativa akasema, na akaeleza vifurushi vyote, kitenge, penseli, foleni, Nkirote na maneno aliyomwambia. Hakuficha hata kicheko.

Mbunge mmoja mzee, shingoni tai yenye picha za samaki, aliyekuwa akipekua makaratasi muda wote, akainua kichwa. Alisogeza kipaza sauti. “Mama, kwa hiyo unataka tuweke alama ya umri kwenye kanisa lenu pia?”

Watu wakacheka. Hata msemaji wa kampuni alicheka. Godlisten akashika kiti asije akasimama.

Dativa alisubiri. Aliacha kicheko kiishe chenyewe, kama anavyosubiri mzee ameze kidonge.

“Ndiyo, mheshimiwa,” akasema. “Anza na sisi. Sikukuu ijayo hatutaviuza, lakini kama tungeendelea, ningetaka mtu mwingine aandike juu ya meza yangu kwamba kilichomo hakijulikani, asiuziwe mtoto. Mimi mwenyewe nisingeandika. Najijua. Mimi ni mtu wa lebo, nisiyempa mtu dawa bila kusoma mara tatu, na siku ile nilisahau kila nilichofundishwa, kwa sababu nilikuwa nafurahia foleni.” Akamtazama msemaji wa kampuni, bila ubaya. “Huyu kijana si mtu mbaya. Naye anafurahia foleni yake. Ndiyo maana asiachiwe yeye kuandika lebo.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Karani aliacha kuandika. Mzee wa tai ya samaki akauliza kwa sauti nyingine kabisa, “Yule msichana, ulizungumza naye?”

“Nilikwenda kwao Jumapili hii. Nilimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Aliniuliza kama nilijua vile vipokea sauti viko kwenye kifurushi kipi. Nikamwambia ndiyo, nilijua. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.”

Godlisten alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya haki na dola. Alikuwa ameandamana kwenye baridi inayogandisha kope. Siku zote aliamini ukweli hushinda ukipigwa kelele ya kutosha, na sasa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye viatu vya kazi vya mpira, alikuwa amekaa mbele ya dola hiyo akiongea kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, na kila bega chumbani lilikuwa limemgeukia. Alimwona ni mkubwa kuliko jengo lile lote na kuba lake la marumaru. Hakuwa na neno la kumwandikia. Aliona haya kwamba aliwahi kudhani analo.

Kwenye gari Dativa alitazama saa tu. “Kaza mwendo kidogo. Nikichelewa, yule bibi hanywi dawa kwa mtu mwingine.”

“Mama, samahani.”

“Ya nini?”

“Ya fisi.”

“Fisi ungemwacha, ni mnyama mzuri,” akasema, akashuka, akaingia mlangoni bila kugeuka.

Kura ilikuwa imeahirishwa hadi Jumatano saa tatu asubuhi. Godlisten aliomba ruhusa kazini akaenda peke yake, akakaa safu ya nyuma. Karani aliita majina moja moja. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Zilipofika sita kwa sita, likabaki jina la yule mzee wa tai ya samaki, leo na tai ya buluu tupu. Hakujibu. Karani akaita tena. Mzee akavua miwani, akaiweka mezani, akasema hakuwa amepanga kusema anachotaka kusema, kwamba yeye ameuza magari miaka thelathini na anaijua ile furaha ya foleni vizuri kuliko alivyotaka kukubali jana. Kisha akasema ndiyo, taratibu sana, hata mwenyekiti akamwomba arudie ili iandikwe.

Akarudia. Mwenyekiti akagonga meza, muswada ukapita kwenda kamati inayofuata, na karani akafungua jalada la pili, akaanza kusoma habari za leseni za vibanda vya kuvulia samaki juu ya barafu.