Shairi Lililovunja Posa

Msimu wa kahawa nyumba yetu ya Mabira ilinuka matunda mabivu yaliyoanikwa uani, harufu tamu iliyokaribia uchachu, iliyoingia mpaka kwenye mablanketi. Nilikuwa darasa la sita. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa ameposwa na kijana wa Nyakakika, na nyumba nzima tulijichunga, kwa maana wakwe walikuwa bado wanaulizia ukoo wetu. Kwetu hakuna posa inayopita bila swali hilo.

Wiki hizo mwalimu wa Kiswahili alitusimulia habari za mshairi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa mkulima, muumini wa dhehebu la Marafiki, ambao husali kwa kukaa kimya. Alitunga mashairi ya kupinga utumwa mpaka watu wakamtupia mawe, naye hakuacha. Mwalimu akatuagiza nasi tutunge, kila mtu atafute kisa kwa wazee wake. Nilimpelekea bibi, mama yake baba, habari hizo akimenya ndizi. “Wanasali bila kwaya?” akashangaa, Mlutheri wa kweli. “Hawasinzii?” Kisha akaongeza, kama anayetaja bei ya chumvi, “Baba mkwe wangu naye aliachwa njiani na msafara wa watumwa, mtoto mwenye vidonda miguuni. Ukoo huu ulimwokota, ukampa jina.”

Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa kata iliyotoboka. Siku ya wazazi nilisimama nikaghani kisa chote, nikimtaja mzee yule kwa jina, na nilijiona shujaa. Wazazi walipiga makofi. Baba mdogo wa mchumba, aliyekuja kwa ajili ya binti yake, hakupiga. Wiki iliyofuata mshenga alikuja kusema wenzake wamesita.

Shangazi hakunigusa. Alishika reki akageuza kahawa kutwa nzima, kahawa iliyokwisha kugeuzwa. Nikampigia magoti nikilia. “Shangazi, nisamehe.”

“Ulisema uongo?”

“Hapana, shangazi.”

“Basi nenda kateke maji.”

Leo nafundisha Kayanga, na nimesoma zaidi juu ya mshairi yule. Nampenda, lakini namwonea wivu: mawe ya mashairi yake yalimpiga yeye mwenyewe. Ya kwangu yalimpiga shangazi, ambaye hakuposwa tena. Siku hizi vijana hutongozana kwa simu, lakini ukoo bado unaulizwa. Mwaka jana tuliulizwa tena, wageni walipokuja kumposa binti wa kaka yangu. Chakula kilikuwa tayari. Kaka aliinamisha kichwa, nami, mwalimu mzima, nikajifanya napanga sahani. Shangazi, mvi kichwa kizima, ndiye aliyeinuka mkekani.

“Ndugu zetu, mzee wetu aliokotwa njiani, mtoto wa utumwani. Kama hilo linawazuia, semeni kabla hamjanawa.”

Wageni walitazamana. Kisha mzee wao akaomba maji ya kunawa.