Meneja Yuko Mafunzoni

Mwanangu wa mwisho aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, akajibu, "Semina." Mwalimu akaniita kuniuliza kama nyumbani kuna matatizo. Nikamwambia mtoto hajakosea sana. Mume wangu ni meneja wa shamba la ng'ombe wa maziwa, lakini wakati huo shamba lenyewe alikuwa ameanza kulisahau sura.

Ilianza na sheria. Meneja wa shamba haruhusiwi kuendelea na kazi bila kuhudhuria mafunzo kila mwaka, na huchanganywa darasani na wathamini, wale wanaozunguka vijijini kupima mashamba na kusema yana thamani gani. Wenzake huenda huko wakasinzia, wakanywa chai, wakapiga picha ya pamoja, wakarudi kama walivyokwenda. Mume wangu hakuumbwa hivyo. Yeye akifundishwa jambo, usingizi hauji mpaka alitekeleze. Alifundishwa mifereji, akarudi akalichimbua shamba zima mpaka lori la maziwa likakwama. Alifundishwa utulivu wa mifugo, akaamuru wakamuaji wavue viatu na wazungumze kwa kunong'ona. Alifundishwa magonjwa ya kuambukiza, akabandika amri getini: haingii mtu bila kibali cha meneja, awe nani. Kila alipotoka mafunzoni wafanyakazi walikonda na maziwa yakapungua.

Naye, akiona maziwa yanapungua, aliamini kwamba bado hajasoma vya kutosha. Akajiandikisha kozi nyingine, na hiyo ikazaa nyingine, mpaka zikawa zinagongana na hapati hata siku ya kupita shambani. Mwenye shamba, ambaye sote tunamwita Tajiri, hakumkataza kamwe. Alimlipia nauli na kumtakia safari njema kwa uchangamfu ulionitia wasiwasi, mimi fundi cherehani nisiye na kozi hata moja. Vyeti vikajaa ukuta wa sebule, vikahamia chumbani, na kimoja kikaning'inizwa juu ya jiko, kikageuka rangi ya chai.

"Hii ndiyo ya mwisho, mama watoto," aliniambia akifunga begi. "Nikimaliza narudi shambani, na sitoki tena. Nimewakumbuka wale ng'ombe."

Kuhusu ng'ombe nilimwamini. Mume wangu anawapenda. Akiwataja sauti yake inashuka yenyewe. Kusoma kote kule kulikuwa ni kwa ajili ya kurudi kwao akiwa meneja kamili, na sijui kama kuna jambo jingine alilolitaka duniani.

Yaliyofuata nimeyapata nusu kwake, nusu kwa mama mmoja mthamini aliyekuwa kundi lake, ambaye ni mteja wangu wa sketi.

Siku ya mwisho ya kozi walipakiwa kwenye basi kwenda kufanya mazoezi katika shamba la mfano, linalosifika kwa kutunzwa vizuri. Basi likakata kona mbili tatu, mume wangu akaanza kukaa wima. Lilikuwa shamba lake. Akanyoosha kola, akashuka wa kwanza ili awakaribishe wenzake.

Mlinzi wa getini alikuwa ameajiriwa wakati yeye hayupo, hakumjua.

"Kibali cha meneja," mlinzi akasema.

"Meneja ni mimi."

"Meneja yuko mafunzoni."

"Ndiyo. Mafunzo yenyewe ndiyo haya."

"Basi akimaliza, aje aandike kibali."

Mume wangu akatoa kalamu aandike palepale juu ya goti. Mlinzi akamweleza kwa upole kwamba kibali huandikwa ofisini, ofisi iko ndani, na ndani haingii mtu bila kibali.

"Nani kaandika upuuzi huu?" akauliza mkufunzi.

Mume wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye. Kisha akampongeza mlinzi kwa kusimamia amri. Mama mthamini ananiapia kwamba alimpa hata mkono. Mlinzi, kwa kutaka haki itendeke, akapiga simu ofisini. Karani akajibu kwamba meneja yuko mafunzoni, na akaomba meneja asisumbuliwe.

Jua lilikuwa limeshapanda, ikabidi shamba lithaminiwe kupitia uzio. Kila kundi lilitakiwa kutoa alama za udongo, maji, majengo na ubora wa usimamizi. Mifereji ilikuwa imefukiwa na nyasi zimepona. Wakamuaji walikuwa wamevaa viatu na wanaimba. Ng'ombe walikuwa wamenona, ngozi zinang'aa. Mama mthamini akatoa alama za juu kabisa.

"Meneja wa hapa ana akili," akasema, kama aliyesahau kwamba meneja amesimama kando yake. "Yeye haonekani, lakini kila kitu kinakwenda."

Mume wangu akamshukuru, machozi yakimlengalenga. Kisha akawatazama wale ng'ombe vizuri, akawatazama na wakamuaji, na kidogo kidogo furaha ikamtoka usoni.

Tajiri akafika na gari lake, akaagiza geti lifunguliwe, akaomba asomewe matokeo. Aliposikia alama za usimamizi akacheka mpaka akashika mbavu, akamvuta mume wangu pembeni ya zizi. Hapo mume wangu akapiga moyo konde. Akasema amemaliza kusoma, na kesho anaripoti kazini.

Tajiri akaacha kucheka.

"Kesho? Una ugomvi na mimi?"

"Hapana, mzee."

"Mshahara wako haufiki?"

"Unafika."

"Maziwa yamepanda, watu wana afya. Sasa nimekukosea nini? Kuna kozi ya nyuki inaanza Jumatatu."

"Hapa hatuna nyuki, mzee."

"Ndiyo maana nimeichagua."

Mume wangu alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Mimi nikawaka. Nikamwambia aache kazi, nitashona usiku na mchana, hatutakufa njaa. Akatikisa kichwa. Akiacha kazi, alisema, hata kuwachungulia ng'ombe kwenye uzio hataruhusiwa. Kisha akasema, "Na wamenona kweli." Hasira zikaniishia palepale, nikabaki na huruma tu.

Kwa hiyo bado anasoma. Nyuki alimaliza, sasa yuko kwenye samaki. Ila kozi ya wathamini huishia kila mara kwenye lile shamba la mfano, na siku hizi Tajiri mwenyewe huwaandikia wanafunzi kibali. Basi mume wangu huirudia kila inapofunguliwa. Mkufunzi anamwona ni mtu wa kichwa kizito, amempa kazi ya kushika ncha ya tepu ya kupimia. Huingia getini katikati ya kundi, akapita kati ya ng'ombe akiwagusa migongo, wala haamuru kitu. Akirudi jioni koti zima linanuka zizi, na uso umetulia. Mimi ni mtu wa usafi, watoto wangu wanalijua hilo kwa machozi. Lakini siku hiyo simwambii akaoge.