Taa ya Upande wa Busasamana

Baba hakupenda kuona mtu akishangaa taa ya angani bila kuuliza. Ule wekundu juu ya mawingu, alitueleza, ni moto wa volkano. Zile taa zilizojipanga chini ni za wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Inayopepesa ni ndege, na inayokwenda bila kupepesa ni setilaiti. Kwa zilizobaki alikuwa na kijiti. Alikichomeka uani, akafumba jicho moja, akaipanga taa na ncha yake, kisha akangoja hadi kesho saa ileile. Nyota husogea, alisema. Iliyobaki palepale ina mwenyewe.

Baba alifariki, na siku chache baada ya arobaini yake taa nyeupe ilitokea upande wa kaskazini, juu kuliko mapaa yote. Mama aliiona alipomaliza kuswali magharibi. Tangu hapo, kila jioni alikaa mkekani akiielekea, akimsimulia baba habari za mchana: nani kaoa, unga umepanda, mimi nimeharibu gauni la mteja. Majirani walikuja kutazama, wakaondoka wakinong'ona.

Mimi nilikasirika. Leo nasema wazi kwamba ulikuwa wivu. Nilimkumbuka baba hadi cherehani ikawa inanishinda, na kama kweli alikuwa amerudi, mbona asije kwangu, mwanafunzi wake wa kijiti?

Basi nikachomeka kijiti. Jioni tatu mfululizo taa haikusogea hata kidogo. Asubuhi nikafumba jicho, na nyuma ya ncha nikaona kilima cha upande wa Busasamana, mikaratusi, na bati linalometa. Jioni giza lilikuwa likikimeza kilima, taa ikabaki inaning'inia peke yake.

Nilikodi pikipiki nikapanda huko. Kwenye lile bati nilimkuta mama mmoja mkulima wa viazi. Alikuwa ametundika taa ya sola juu ya mti mrefu ili kulinda ghala lake. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akanipa namba yake, akakubali kunisaidia jioni ileile.

Jioni nilisimama nyuma ya mama yangu, simu sikioni. Sikuwa nimemwambia kitu.

"Zima," nikasema kwenye simu.

Taa ikazimika. Mama alikuwa anamweleza baba habari za mguu wake unaomuuma, akanyamaza katikati ya maneno. Hakugeuka. Aliendelea kutazama giza, na mabega yake yakashuka. Nikamweleza yote haraka haraka, kilima, ghala, sola, kama mtu anayerudisha alichoiba.

"Mutoto yangu," alisema, "mi nilijua ni taa. Baba yako alinionyesha kijiti kabla we uzaliwe. Umuambie ule mama awashe tena."

Nikaomba iwashwe. Ilipowaka nilikaa mkekani kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwambia baba kwamba nimemkumbuka sana. Kisha nikamweleza lile gauni lilivyoharibika, maana mama alikuwa amelisimulia vibaya.

Siku hizi kuna jioni yule mkulima husahau kuwasha. Mama hungoja kimya, mikono mapajani. Mimi ndiye ninayeshindwa kuvumilia, nikampigia simu.