Miguu Iliyotangulia

Utotoni mwangu, pale Swima, kijijini kando ya ziwa, watu wazima waliniita niwakanyage migongo. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kwetu Wabembe wengi waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huondoa maumivu ya mgongo kwa nyayo zake. Nilikanyaga wavuvi, nilikanyaga hata mkuu wa kwaya. Waliinuka wakicheka, wakanipa ndizi. Sikuwahi kuogopa, mpaka zamu ya mama ilipofika.

Baba alikuwa Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Mama ndiye aliyebeba mihogo kutoka shambani, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Mchana mmoja aliinama mlangoni kuutua mzigo, akashindwa kunyooka. Koko, mama yake baba, alitandika mkeka, akaniita.

"Panda. Usiogope. Ni mama yako."

Nilipanda. Chini ya unyayo wangu nilisikia mwili wa mama ukikakamaa, pumzi yake ikikatika. Nikataka kushuka.

"Endelea," Koko akasema.

Mama aliinuka taratibu, jasho likimtoka puani. "Mugongo imepona, mutoto wangu. Aksanti."

Kesho yake alirudi shambani. Koko aliwasimulia majirani kwa fahari, lakini mimi nililala chumba kimoja na mama. Nilimwona alfajiri akijiviringisha ubavuni, akishika ukuta, akingoja, ndipo asimame. Nilifikiri miguu yangu imevunja kitu ndani yake, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Haikupita wiki, tukiwa ziwani tunaosha sufuria, mama alichuchumaa akabaki hivyo hivyo.

"Ita bamama," alisema kwa sauti ndogo. "Mi siwezi kusimama."

Nilikimbia nikilia. Wanawake walimbeba, wakamlaza kwenye mtumbwi wa mota, tukaenda naye mjini Baraka, mimi na Koko. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimgusa pingili moja moja, akamuuliza amebeba mizigo miaka mingapi.

"Tangu niko mutoto," mama akajibu.

"Mama, iko kano zinashikaka mifupa ya mugongo, sawa kamba. Zako zimechakaa, zimelegea. Ndiyo maana inauma hivi. Upunguze muzigo. Na muntu asikupande tena."

Koko alitazama sakafu. "Ni mi nilimuambia mutoto apande," alisema. Kisha akamgeukia mama, akitaka sababu: "Juu ya nini ulisema umepona?"

Mama alinitazama. "Juu yake. Ningesema bado, angeogopa miguu yake."

Tangu siku hiyo Koko alikata mizigo ya mama nusu, nusu nyingine akabeba binamu yangu. Wagonjwa wa mgongo walipokuja kuniulizia, Koko mwenyewe aliwarudisha mlangoni. Mama alipata nafuu, hakupona kabisa.

Nimeshazaa, na sasa naelewa kwa nini alificha maumivu. Kuelewa hakujanituliza. Alikuwa radhi aharibike zaidi, ilimradi mimi nisijione mbaya, na upendo wa aina hiyo unanitia wasiwasi mpaka leo. Akiniambia kwenye simu kwamba mgongo hausumbui, namsikiliza, namshukuru Mungu pamoja naye, halafu namwomba ampe simu mdogo wangu anayekaa naye, nimuulize yeye.