Jicho la Kona Liliponyooshwa

Mafundi wenzake walimwita Kona, kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikuwa limekata kona kuelekea puani tangu utotoni. Alikuwa fundi wa kuezeka vigae, na alipotembea juu ya mbao za paa kichwa chake kililalia bega la kulia, kana kwamba bega lilikuwa na umbea wa kumpa. Kwa kichwa hicho kilichopinda hakuwahi kuteleza.

Kilichomchosha ni watu. Kila alipomsemesha mtu, mtu yule aligeuka nyuma kutazama nani anaambiwa. Siku mwalimu wa binti yake alipogeuka hivyo, na binti akatazama viatu vyake kwa aibu, Kona alikwenda hospitali kuomba upasuaji wa makengeza.

Jicho lilinyooka. Mkewe alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Kumbe nimeolewa na mtu mzuri, nimefichwa miaka yote."

Wakacheka. Kisha Kona akainuka kwenda kufunga mlango, akanyoosha mkono kushika kitasa, akashika hewa. Vitasa vilikuwa viwili.

Daktari alikuwa amemwonya kwamba angeona mbili kwa muda. Akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja asiye na maneno mengi, aliyemsimamisha kwa mguu mmoja na kumtazama akiyumba kama mlevi.

"Miguu yako mizima," alisema. "Ila mwili ulijifunza kusimama kwa macho ya zamani. Sasa inabidi ujifunze upya. Usipande popote mpaka nikupime mwenyewe."

Basi kila jioni godoro lilikunjwa sebuleni. Kona alisimama juu yake kwa mguu mmoja, macho kwenye msumari wa ukutani. Kisha alitembea juu ya kamba iliyolazwa sakafuni, kisigino kikigusa vidole, huku akigeuza kichwa kulia na kushoto. Aliyemsimamia ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa paa kama yeye, ambaye waliishi naye nyumba moja. Ndiye aliyemdaka kila alipoanguka.

"Shemeji, kamba iko huku. Wewe unatembea wapi?"

"Ziko mbili."

"Basi kanyaga ile ya halali."

Taratibu kamba zilisogeleana. Siku nyingine zilikuwa moja, mpaka alipochoka, ndipo zikaachana tena. Alikuwa amefika hapo msimamizi wa ujenzi alipopiga simu: paa linaanza kuezekwa, na kama Kona hajapona atatafutwa fundi mwingine. Kona akajibu kwamba amepimwa, ameruhusiwa. Shemeji alikuwa ameketi pembeni, akasikia yote. Alijua ni uongo, ila alijua pia jiko la nyumba ile lilivyopoa tangu upasuaji.

Vigae hupandishwa kwa kurushiana, mtu wa chini kwa mtu wa juu, na sheria ni moja: anayerusha haachii mpaka anayepokea ajibu "Naona." Kona alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote bila kuona sawasawa. Mikono yake ilidaka kwa mazoea, na mazoea hayo yalikuwa ya kichwa kilicholala begani.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Alisimama wima kama alivyofundishwa, na shemeji, aliyekuwa chini yake kwenye jukwaa, alimrushia kigae baada ya kigae.

"Kona, siku hizi ukinitazama naogopa," fundi mmoja alimtania. "Zamani nilijua unamtazama mwingine."

Jukwaa zima likacheka, naye akacheka. Mchana ulipokaribia, jicho likachoka. Chini yake akaona mashemeji wawili wakiinua vigae viwili.

Shemeji alisita. "Uko sawa?"

Msimamizi alikuwa amesimama chini, anatazama juu.

"Naona," alisema Kona.

Alidaka kile kisichokuwapo. Kile cha kweli kiligusa ukingo wa kiganja chake, kikarudi, kikampiga shemeji yake kwenye mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, naye akaanguka juu ya rundo la mbao. Walipomfikia alikuwa anapumua, mkono umelala vibaya.

"Nani kakosea?" aliuliza msimamizi.

"Mimi," alisema shemeji, uso umejaa vumbi. "Nimerusha kabla hajajibu."

Kona alikuwa ameshashuka. Angenyamaza tu, kesho yake angerudi juu.

"Anadanganya," alisema. "Nilijibu, na nilikuwa naona wawili. Sijaruhusiwa na mtu."

Msimamizi hakufoka. Alimwambia Kona aende nyumbani, na asirudi mpaka apone kweli. Akipona, nafasi ipo.

Kona akapata kibarua cha kupakia mchanga. Mfupa wa shemeji uliunga, lakini mkono wake haukupanda tena juu ya bega, na fundi wa paa asiyeinua mkono hana wa kumwajiri. Mwishowe yule dada wa mazoezi alimpima Kona, mguu huu na mguu ule, macho wazi na macho yamefumbwa. Hakuyumba.

"Umepona," alimwambia. "Unaweza kupanda."

Nyumbani aliwakuta mkewe na shemeji wakimsubiri. Shemeji alikuwa anahangaika na shati kwa mkono mmoja.

"Amesemaje?" aliuliza mkewe.

"Amesema bado," alijibu Kona, akainama kumfunga shemeji yake vifungo.