Akaunti ya Mama

"Nitumie routing namba," mdogo wangu aliandika kutoka Marekani, na mimi nimesimama kwenye korido ya hospitali Kisii, hata kukaa siwezi. Mama alikuwa ameteleza kwenye shamba letu la majani chai kule kwetu Nyaramba akavunjika nyonga. Daktari alisema thieta ya kumpasua ipo, ila dipoziti kwanza. Pesa zenyewe zilizidi kile ambacho laini ya simu inakubali kupokea, kwa hivyo lazima zipitie benki. Na mdogo wangu alitaka ziingie kwenye akaunti ya Mama mwenyewe, si yangu. Hilo lilinichoma, lakini nikameza.

Nikateremka hadi benki anayotumia Mama mbio mbio. Mhudumu, msichana mwenye subira ambayo mimi sina, akanieleza kwamba routing namba ni mambo ya benki za Marekani. Sisi huku tuna msimbo wa swift, unaoitambulisha benki yetu kwa benki za nje. Tuna msimbo wa tawi, unaosema kama ni Nyamira au Kisii. Halafu namba ya akaunti, inayomtambulisha mwenye pesa. "Ukikosea hapo, Madam, pesa itazunguka tu," alisema.

Nikampigia mdogo wangu hapo nje.

"Sista, fomu inataka tarakimu tisa!"

"Basi umefungua fomu ya kutuma huko huko kwenu! Tafuta ya kutuma nje. Kwani ulisomea nini?"

Tulifokeana mpaka askari wa mlangoni akanitolea macho. Mwishowe fomu ikapatikana, ikabaki namba ya akaunti. Nikarudi wodini, nikainama kitandani kumuuliza Mama. Akaitaja papo hapo, macho ameyafumba kwa maumivu, bila kukwama popote. Nikajivunia mama yangu! Nikaituma.

Tukangoja. Simu ikilia naruka. Naenda dirishani, narudi, nanunua chai naisahau. Mama akigeuzwa kidogo tu anapiga kelele, na mimi nawaza hizo pesa zimekwama wapi. Siku zikapita. Kisha ujumbe ukaingia: pesa zimerudi, akaunti hiyo haipo.

Nilirudi benki nimefura. Yule msichana akaitazama namba, akataka kucheka, akajizuia.

"Madam, hii si ya benki yoyote. Hii ni namba ya majani. Hata kwetu tunayo."

Jamani! Namba ya mkulima, ile ambayo Mama humtajia karani wa kituo kila anapopeleka majani kupimwa, tangu mimi nikiwa mgongoni. Ndiyo namba pekee aliyowahi kuulizwa na mtu maishani.

Msichana akachukua kitambulisho cha Mama, akabonyeza, akabonyeza tena. "Huyu mama hana akaunti kwetu."

"Hana vipi? Na kadi hii je?"

Nikaitoa kwenye kibeti cha Mama, nikaisoma kabla ya kumpa. Jina lililokuwa juu yake ni la baba. Baba tulimzika zamani. Majani yameandikishwa kwa jina lake, bonasi ya kila mwaka inaingia kwa jina lake, na Mama, aliyeyachuma yote, huenda kwenye mashine na kadi ile, akabonyeza namba ya siri, akarudi nyumbani. Nilishikwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Nikairudisha kadi kwenye kibeti bila kumwonyesha msichana; benki ikijua mwenyewe alishakufa, itaifunga akaunti.

Pesa zilitumwa tena, kwa akaunti yangu. Safari hii mdogo wangu hakubisha.

Asubuhi ya thieta nilimweleza Mama yote haraka haraka, maana kitanda kilikuwa tayari kinasukumwa. Akaniambia kwa Kikisii, "Kitambulisho changu unacho. Nenda ukanifungulie akaunti yangu. Leo."

"Mpaka uende mwenyewe, Mama. Ukipona tutaenda."

"Na nisipotoka humo ndani?"

"Usiseme hivyo!" Nilikuwa karibu kulia, na mimi nikikaribia kulia huwa mkali. "Mtu aliyekufa hawezi kuwa na akaunti, Mama."

Alinitazama.

"Baba yako anayo," alisema, na wakamwingiza.